Kumfuata Piero Peke Yako: Mwongozo wa Kutembelea Makumbusho ya Sanaa katika Miji Midogo ya Italia

Msafiri anayezunguka peke yake kusini mwa Ulaya kwa kawaida huanza na orodha ndefu ya makumbusho mashuhuri, na hurudi nyumbani akikumbuka foleni kuliko picha. Njia ninayoieleza hapa ni ya kuchagua mchoraji mmoja, kuzifuata kazi zake mji baada ya mji, na kuyaacha mengine yapite bila majuto. Mchoraji niliyemchagua mimi ni Piero della Francesca, ambaye alizaliwa Sansepolcro mwanzoni mwa karne ya 15 na kufariki huko huko tarehe 12 Oktoba 1492. Kazi zake kadhaa kubwa hazijahamishiwa mbali, bali zimebaki katika miji inayofikika kwa treni na basi: Arezzo, Monterchi, Sansepolcro na Urbino. Siku tano zinatosha, na sita ni bora zaidi.

Hatua ya 1: Panga siku kabla ya kupanga miji

Makumbusho mengi ya Italia hufungwa Jumatatu, na yale ya miji midogo huweza kufungwa pia mchana kwa saa mbili au tatu, hasa nje ya majira ya joto. Kwa hiyo Jumatatu iwe siku ya kusafiri, na mchana uwe wa chakula. Kumbuka vilevile kwamba dirisha la tiketi hufungwa mapema kuliko jumba lenyewe, mara nyingi nusu saa au saa nzima kabla.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali hayatozi kiingilio. Inavutia, lakini mimi huikwepa, na Arezzo huikwepa zaidi, kwa sababu Jumapili hiyo pamoja na Jumamosi inayoitangulia mji huo huwa na soko kubwa la vitu vya kale ambalo limekuwapo tangu mwaka 1968. Vyumba vya kulala huwa adimu, na unachookoa kwenye kiingilio unakilipa kitandani.

Hatua ya 2: Shughulikia viza mapema

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza ya Schengen, ambayo huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15, pamoja na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Usilipie tiketi za makumbusho zisizorejeshewa fedha kabla pasipoti haijarudi mkononi.

Hatua ya 3: Kata tiketi yenye saa maalumu, na uiandike saa hiyo vizuri

Kwenye kanisa la San Francesco la Arezzo, wageni huingia kwenye sehemu yenye michoro ya Piero kwa zamu na kwa idadi ndogo, hivyo ni salama zaidi kukata tiketi mtandaoni kabla ya kufika. Anayesafiri peke yake ana faida hapa, kwani nafasi moja hupatikana hata pale ambapo familia ya watu wanne imeambiwa kumejaa.

Tatizo letu ni saa. Katika safari yangu ya kwanza nilikata tiketi ya saa 15.30, na kwa mazoea nikaandika kwenye kidaftari "saa 9 na nusu". Kesho yake nilisoma maandishi yangu mwenyewe kwa akili ya ugenini, nikajikuta nimesimama mlangoni saa 9.30 ya kwao, yaani saa tatu na nusu asubuhi, huku mlinzi akinitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo huandika saa kama ilivyochapishwa kwenye tiketi, bila kuitafsiri.

Hatua ya 4: Soma ratiba ya basi kama unavyosoma mkataba

Arezzo iko kwenye reli ya Firenze na Roma, kwa hiyo kufika huko si kazi. Kutoka hapo unapanda basi kwenda Sansepolcro na Monterchi. Tiketi za basi huuzwa kwenye maduka yenye kibao cha herufi T, yaani tabacchi, nayo pia hufungwa, basi nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Jumapili mabasi ya vijijini huwa machache mno au hayapo kabisa. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani ni lazima uigonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini hata kama umelipa nauli. Ukiona neno sciopero kwenye tangazo lolote la stendi, ujue ni mgomo, na uliza mara moja ni wa siku gani.

Urbino haina treni ya abiria. Unashuka Pesaro na kupanda basi. Kwenye ramani mji huu unaonekana kuwa jirani ya Sansepolcro, lakini katikati ipo milima ya Apenini. Mimi huona afadhali kurudi Arezzo na kuzunguka kwa treni kupitia Bologna hadi Pesaro, safari ndefu lakini yenye uhakika, kuliko kubahatisha mabasi ya milimani.

Hatua ya 5: Punguza mzigo

Begi la mgongoni utaambiwa ulivae mbele au uliache kwenye kabati, na katika mji mdogo kabati lenyewe huenda lisiwepo. Hakuna mwenzako wa kukushikia, hivyo acha begi nyumba ya wageni na ubaki na mkoba mdogo wenye pasipoti, kidaftari, darubini ndogo na kanga. Kanga ni kwa ajili ya makanisa, ambako mabega na magoti yanapaswa kufunikwa. Mimi hujitanda mlangoni na kuivua nikitoka.

Hatua ya 6: Tazama polepole, kwa mpangilio

Arezzo, anza kwa kujua kazi ilivyofanyika. Michoro hii ya hadithi ya Msalaba wa Kweli, yaani ya mti ulioota tangu kifo cha Adamu na mwishowe ukawa msalaba wa Yesu, ambayo Piero aliianza miaka ya 1450, imechorwa ukutani: fundi hupiga lipu mbichi ya chokaa kwa kiasi ambacho mchoraji ataweza kukimaliza siku hiyo, na rangi hukauka pamoja na lipu hadi vikawa kitu kimoja. Tafuta mistari hafifu inayopita kando ya vichwa na mabega, kwani hiyo ndiyo mipaka ya siku za kazi. Darubini ni ya sehemu ya juu kabisa, penye kifo cha Adamu. Kisha shuka kwa macho hadi kwa Malkia wa Sheba, aliyepiga magoti mbele ya ubao wa daraja kwa kuwa ameutambua mti huo. Malizia kwenye ndoto ya Konstantino, mfalme wa Roma, chini karibu na dirisha, ambapo usiku mzima umechorwa kwa mwanga mmoja unaotoka kwa malaika na kuangukia hema. Kabla ya kuondoka mjini, panda hadi kanisa kuu, ambako Maria Magdalena wa Piero yuko ukutani na hutozwi kiingilio kumwona.

Monterchi utakuta picha moja tu, Maria akiwa mjamzito, ndani ya jengo lililokuwa shule. Usione haya kukaa nusu saa.

Sansepolcro, picha ya Ufufuo wa Kristo iko kwenye makumbusho ya mji. Tazama kwanza miti: upande wa kushoto wa Kristo, kama unavyomtazama, imepukutika, na upande wa kulia imeota majani. Ndipo ushuke kwa askari waliolala, ambao mmoja wao kwa mapokeo husemwa kuwa ni Piero mwenyewe. Mwaka 1944 afisa wa mizinga wa Uingereza, Tony Clarke, alisitisha kuupiga mji huu kwa sababu alikumbuka kuwa aliwahi kusoma sifa za picha hii, na leo kuna mtaa wenye jina lake.

Urbino, ndani ya jumba la Mtawala Federico da Montefeltro, picha ya Kristo akipigwa mijeledi itakushangaza kwa udogo, kwani ni takriban sentimita 58 kwa 81. Kristo yuko nyuma, mbali, na watu watatu mbele wanazungumza kana kwamba hakuna kinachotokea; wataalamu hawajakubaliana ni akina nani. Kikundi chenye kiongozi kikiingia, sogea kando uende ukaone chumba cha kusomea cha Federico, chenye kuta za mbao zilizotiwa nakshi za vitabu na vyombo vya muziki, kisha rudi. Vikundi huwa havikai zaidi ya dakika chache mbele ya picha ndogo kiasi hicho.