Usiulize mashine ni toleo gani, uliza kama ina fanksheni

Nina programu ndogo ya C ya kuhesabu stoo, nimemwandikia shangazi yangu anayeuza vitenge Kariakoo. Kwangu Sinza, kwenye laptopu yenye Ubuntu 24.04, ilijengeka vizuri. Dukani kuna Debian 12. Nilipopiga `make` pale, wateja wamejaa kaunta, ikagoma:

`undefined reference to 'strlcpy'`

Yaani strlcpy haikupatikana. Fanksheni hiyo, inayonakili tungo (string) bila kuvuka ukubwa wa nafasi uliyoipa, ilianzia kwenye mfumo wa OpenBSD mwaka 1998, lakini glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, iliipokea mwaka 2023 tu, kwenye toleo 2.38. Debian 12 ina 2.36.

Wengi hapo huweka sharti la toleo la glibc. Sikubaliani nao kabisa. Alpine, Linux nyingine, haitumii glibc, inatumia maktaba ya C iitwayo musl, na strlcpy inayo. Sharti lako litadanganya tangu siku ya kwanza. Tumia Autoconf, chombo kinachoikagua mashine kabla ya kujenga programu. Weka hivi kwenye faili lake, `configure.ac`:

`AC_CONFIG_HEADERS([config.h])`
`AC_CHECK_FUNCS([strlcpy])`

Piga `autoreconf -i`, halafu `./configure`. Inaandika programu fupi inayoita strlcpy, inaikompaili na kuiunganisha. Ikifaulu, `config.h` inapata `HAVE_STRLCPY`. Kwenye msimbo, tanguliza `#include "config.h"` kabla ya heda nyingine yoyote, kisha chini ya `#ifndef HAVE_STRLCPY` andika strlcpy yako mwenyewe.

Angalia hapa, maana pamenila jioni nzima: kipimo cha `AC_CHECK_FUNCS` kinatazama kuunganisha tu. Hakijui kama `string.h` imeitangaza fanksheni hiyo. Kwa hilo kuna `AC_CHECK_DECLS([strlcpy])`, nayo huandika `HAVE_DECL_STRLCPY` ikiwa 0 au 1. Kwa hiyo tumia `#if`. Ukitumia `#ifdef`, jibu ni ndiyo kila mara, hata kama ni 0.

Na `-Werror`, chaguo la kompaila linalogeuza maonyo kuwa makosa, usiipitishe wakati wa configure. Onyo dogo ndani ya kipimo litageuka kosa, uambiwe fanksheni haipo wakati ipo. Ukitilia shaka jibu, fungua `config.log`, utafute jina la fanksheni. Kosa lenyewe la kompaila limeandikwa humo.

Kabla ya kupanda daladala tena, nililazimisha jibu la hapana nikiwa nyumbani:

`./configure ac_cv_func_strlcpy=no && make clean && make`

Nikakuta strlcpy yangu ina kosa la baiti moja mwishoni mwa tungo. Nikalirekebisha. Jumamosi dukani ikasomeka `checking for strlcpy... no`, na `make` ikafika mwisho.