Somo: Kongosho Lililovimba kwa Mbwa na Paka

Kongosho likivimba, vimeng'enya vyake (kemikali za kusaga chakula) huanza kazi vikiwa bado ndani, na kiungo hujimeng'enya chenyewe. Maumivu yake ni makali mno; usimwache mnyama ateseke.

1. Dalili. Mbwa hutapika, hukataa chakula, hulaza kifua chini na kuacha makalio juu. Paka ndiye anayetupotosha: wengi hawatapiki, hujikunyata tu na kususa chakula.

2. Vipimo. Vipimo vya damu vya amilezi na lipezi ya kawaida, yaani vimeng'enya vya kusaga wanga na mafuta, havitoshi. Omba lipezi maalumu ya kongosho: mbwa akizidi 400 µg/L, au paka 5.3, shaka ni kubwa. Ongeza ultrasaundi. Kwa Afrika Mashariki usiruke kipimo cha parvo (virusi vya kuharisha) wala slaidi ya damu ya babesia (vimelea vya kupe), maana babesia yenyewe huweza kuliumiza kongosho.

3. Dripu. Tumia Ringa lakteti, maji ya chumvi ya mshipani. Kilo za mnyama × asilimia ya maji yaliyopungua × 10 = mililita. Mbwa wa kilo 10 aliyepungukiwa 8%: 800, ujumlishe 600 za mahitaji ya siku, upate 1,400 kwa saa 24. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, hesabu tone moja kila sekunde 3. Akiendelea kutapika au kuharisha, fidia. Mwenye mshtuko (damu haizunguki vizuri) huanza kwa kasi zaidi, daktari akiwa pembeni.

4. Sindano. Buprenofini (ya maumivu) 0.02 mg/kg kila saa 6 hadi 8. Maropitanti (ya kuzuia kutapika) 1 mg/kg mara moja kwa siku. Meloksikamu, dawa ya maumivu na uvimbe, weka kando: mwili ukikaukiwa maji, inaweza kuua figo.

5. Chakula. Kutapika kukitulia, anza na robo ya mahitaji yake ya chakula ya siku, kidogo kidogo.

Maswali

*Tulifundishwa kumnyima mnyama chakula siku tatu. Vipi?*
Acha. Utumbo usiopata chakula hudhoofika. Paka ni hatari zaidi: akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini. Akigoma, mwekee mrija wa puani mapema.

*Nimpe mbwa nini nyumbani?*
Kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, na wali. Ukiuacha mchuzi upoe, mafuta huganda juu, yaondoe yote. Mabaki ya nyama choma marufuku. Paka hahitaji kupunguziwa mafuta hivyo; muhimu ale.

*Daktari, antibiotiki je?*
Si kwa kila mgonjwa. Mara nyingi hakuna bakteria hapo. Zitumie ukiwa na ushahidi wa maambukizi.

*Kipimo cha haraka cha lipezi ya kongosho kimesoma hasi?*
Kwa mbwa, tafuta chanzo kingine, ukianza na eksirei: huenda amemeza mfupa au gunzi la hindi.