SOMO: Mfumo ukianguka, uandike nini kwenye kurasa za kampuni

Wakuu, habari za mchana. Kila wiki napata PM ya aina moja: "Dada, app yetu imeanguka, wateja wanatuwakia Instagram, niandike nini?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa naliweka hapa. Nipo kitengo cha mawasiliano cha malipo ya simu, Dar, mwaka wa tisa huu.

1. Simamisha matangazo yote uliyopanga yatoke yenyewe.

2. Muulize fundi wa zamu, si mtu wa mauzo, nini kimeanguka na nini kinafanya kazi.

3. Toa taarifa ya kwanza ndani ya dakika 15, hata kama chanzo hakijajulikana. Mfano: "Saa 8:10 mchana. Kutuma pesa kwenda benki kumesimama. Kuangalia salio na kununua LUKU kunaendelea. Mafundi wanatafuta chanzo. Tutawaandikia tena saa 8:40." Ikifika 8:40 andika, hata kama huna jipya. "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza" peke yake haimsaidii mtu aliyesimama sheli na mafuta tayari yako kwenye tangi.

4. Tokea mahali ambapo hapajaanguka. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita, na kampuni ikalazimika kuwaandikia watu kupitia Twitter. Nasi tulijifunza Mei 2025, X ilipofungwa Tanzania: usiwe na mlango mmoja. Weka SMS, na ukurasa wa hali ya huduma ulio kwenye seva nyingine kabisa.

5. USITANGAZE "tatizo limekwisha" mapema. Hapa someni taratibu. Mwaka wangu wa pili kazini fundi aliniambia "imerudi", nikaandika palepale: "Tatizo limetatuliwa, endeleeni kulipa." Kilichorudi kilikuwa ni kuingia kwenye app tu, miamala iliyokwama bado ilikuwa kwenye foleni. Watu wakalipa upya. Foleni ilipoachia, wakakatwa mara mbili. Mama mmoja muuza mchele alikatwa 340,000 mara mbili, jioni aliyotakiwa kuchukua mzigo. Pesa yake ilirudi siku ya tatu. Nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi, akaniuliza, "Mwanangu, si ninyi mlioandika tulipe?" Tangu hapo siandiki mpaka nijibiwe mambo mawili: foleni imeisha? Muamala wa majaribio umeonekana upande wa mpokeaji? Kabla ya hapo naandika "huduma imeanza kurejea", na chini yake: "Kama ulilipa na hujapata ujumbe, USIRUDIE." Sentensi hiyo ya mwisho msiiache kamwe.

6. Siku chache baadaye eleza chanzo kwa lugha ya kawaida. GitLab (kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao mtandaoni), tarehe 31 Januari 2017, fundi wao alifuta data za kanzidata kuu kwa bahati mbaya, na njia zao za kuhifadhi nakala zikagoma. Waliweka kumbukumbu za kazi hadharani na kurusha urejeshaji moja kwa moja YouTube. Data za takribani saa sita zilipotea, ila wateja walijua kila kilichotokea.

MASWALI

Kijana_wa_Mbezi: Weka template tukopi, maelezo marefu sana.
Jibu: Hatua ya 3.

boda_tech: Si unafuta tu komenti za matusi?
Jibu: Hapana. Anayefutiwa anapiga picha ya skrini na kurudi na wenzake. Ficha tu zenye namba za simu au PIN za watu.

boda_tech: Sisi tunafuta na hakuna kilichotokea.
Jibu: Sawa, endeleeni. Mimi nimeandika nilichokiona.

Binti_Mawasiliano: Shikamoo dada. Kebo za intaneti za baharini zilipokatika Mei 2024, bosi alitaka tuandike "si kosa letu". Ingekuwa sahihi?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana. EASSy na Seacom zilikatika kweli tarehe 12 Mei, na Tanzania tuliumia. Taja chanzo, lakini mteja alikulipa wewe, hakuilipa kebo. Ningeandika: "Kebo za baharini zimekatika. Tunahamia njia mbadala. Miamala ya ndani inapita, ya nje inachelewa." Halafu kakae na mafundi wakuonyeshe njia mbadala ipo wapi, ili siku nyingine uandike unachokielewa. Njoo PM nikutumie mifano yangu.

Mzee_wa_Server: Mwanasheria wetu anakataza kuomba radhi.
Jibu: Mkuu, mkumbushe CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, tarehe 19 Julai 2024. Sasisho lao bovu liliathiri kompyuta milioni 8.5 za Windows. Ujumbe wa kwanza wa mkurugenzi kwenye X ulisema si shambulio na marekebisho yametolewa, bila neno la pole. Watu walilishika hilo, baadaye akaomba radhi kwenye televisheni. "Poleni" ni kumjali mteja, si lazima iwe kukiri kosa.

Mama_Wakala: Nyongeza jamani. Mfumo ukianguka, matapeli wanafungua kurasa zenye nembo yenu na kuwajibu wateja kabla yenu, "tuma namba na PIN tukusaidie". Mteja wangu mmoja aliingia.
Jibu: Asante sana mama, hilo niliruka. Mtu mmoja wa zamu awe anatafuta jina la kampuni kila baada ya dakika kumi na kuziripoti kurasa hizo. Na kila taarifa iishie na "Hatuombi PIN". Mliokopi mfano wa hatua ya 3, ongezeni hilo mwishoni.