Mashine ya dukani inapokujibu “Access is denied”: nilivyoitatua kwangu Segerea

Nyumba yetu ipo Tabata Segerea, na chumba cha mbele tumekifanya fremu ya steshenari. Kuna kompyuta nne, printa mbili na mashine ya fotokopi. Umeme ukikatika, UPS zinaanza kulia, na kwa betri nilizonazo napata kama dakika saba. Nilichotaka ni kuzizima zote nne kwa laptopu yangu, hata kama niko jikoni na sufuria ipo motoni. Ruta nayo nimeichomeka kwenye UPS, kwa hiyo mtandao wa ndani haufi papo hapo.

Jioni ya kwanza nikafungua dirisha la amri (Command Prompt ya Windows), nikaandika, DUKA3 likiwa jina la mojawapo ya kompyuta hizo:

shutdown /s /m \\DUKA3 /t 60

Jibu likaja: DUKA3: Access is denied.(5)

Yaani ruhusa imekataliwa. Nywila ilikuwa sahihi na akaunti ni ya msimamizi. Nikienda kukaa mbele ya mashine yenyewe, akaunti ileile inafanya kila kitu. Siku tatu nilibadilisha nywila tu, nikidhani nakosea herufi. Ningesoma ile namba ya mwisho tangu mwanzo, nisingepoteza hata siku moja.

Namba ndiyo inayokuambia umekwama wapi. Ukiona 53, hodi yako haijafika mlangoni kabisa. Ukiona 1326, mwenye nyumba kakusikia ila jina au nywila hakuitambua. Ukiona 5, umetambuliwa na umekaribishwa barazani, lakini ndani huruhusiwi. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Nianze na 53, maana ni nyepesi. Tulipobadilisha ruta, mashine zote nne zilinipa namba hiyo siku moja. Windows iliona mtandao mgeni ikauweka kwenye kundi la mitandao ya umma, na huko hujificha. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa kila mashine, ubadilishe Public iwe Private. Hakikisha pia ruhusa ya kushirikiana mafaili na printa imewashwa kwa mtandao huo. Kwangu ilikuwepo tayari kwa sababu ya printa. Tena angalia laptopu yako isiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa sababu ruta nyingi huitenga na mashine nyingine za ndani.

Kwa 1326, wengi wanaandika PIN badala ya nywila. PIN inafungua mashine ile tu uliyoiwekea, haivuki mtandao. Ninachofanya mimi ni kutengeneza akaunti ya ndani, yaani inayoishi kwenye mashine yenyewe, kwa kazi hii peke yake, kwenye kila mashine ya dukani. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

net user bosi * /add
net localgroup Administrators bosi /add

Ile nyota inakufanya uulizwe nywila bila kuionyesha kwenye skrini. Usiiache tupu: akaunti isiyo na nywila Windows haiiruhusu kuingia kwa mbali, na hapo utakutana na namba 1327.

Sasa tuje kwenye 5. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 kuna kinga iitwayo UAC, ile inayofifisha skrini na kukuuliza Yes au No kabla ya jambo zito. Ukiwa mbele ya mashine unabonyeza Yes. Ukiingia kwa mbali, hakuna wa kuulizwa, kwa hiyo akaunti ya ndani inavuliwa mamlaka ya usimamizi na kuachiwa ya mtumiaji wa kawaida, hata kama imo kwenye kundi la wasimamizi. Fundi wa ofisini aliyekuja kunisaidia hakuwahi kukutana nalo, kwa sababu kazini kwake akaunti zote zinatoka kwenye seva kuu, na hizo hazivuliwi. Nyumbani hatuna seva.

Yeye alishauri tuizime UAC yote, au tumpe Everyone, yaani kila mtumiaji, haki ya kuzima mashine kwa mbali. Nilikataa na bado nakataa. Mashine hizi zinachomekwa flashi za watu kutwa nzima, na flashi zinakuja na virusi. Siwezi kuvunja ukuta mzima kwa ajili ya mlango mmoja.

Mlango wenyewe ni mstari huu, unaandikwa kwenye mashine inayosimamiwa, si kwenye laptopu yako:

reg add HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System /v LocalAccountTokenFilterPolicy /t REG_DWORD /d 1 /f

Unaiambia Windows isiivue akaunti ya ndani mamlaka yake inapoingia kwa mtandao. Maswali ya UAC kwa aliyekaa mbele ya skrini yanabaki vilevile. Ukitaka kurudisha, weka 0 badala ya 1.

Ila hapa pana sharti, na nakuomba ulishike. Mstari huu unamfaa pia mwizi akiipata nywila yako. Kwa hiyo kila mashine ipe nywila tofauti ya akaunti ya bosi, ili moja ikivuja nyingine tatu zibaki salama. Za kwangu nimeziandika kwenye daftari la LUKU, linalokaa chumbani. Wateja nao watumie akaunti ya kawaida, kamwe isiwe ya msimamizi.

Ukimaliza, rudi kwenye laptopu ujitambulishe kwanza:

net use \\DUKA3\IPC$ /user:DUKA3\bosi *

Jina la mashine mbele ya bosi ni la lazima, la sivyo laptopu inaweza kupeleka jina lake yenyewe. Ukipata 1219, ulikwisha kuunganishwa na mashine hiyo kwa jina lingine. Kata miunganisho yote kwa net use * /delete, kisha rudia.

Halafu amri ya kuzima, na safari hii iwe na ujumbe:

shutdown /s /m \\DUKA3 /t 60 /c "Umeme umekatika. Hifadhi kazi yako sasa."

Ujumbe huo niliuongeza baada ya kumuumiza mteja. Ukiweka sekunde zozote zaidi ya sifuri, Windows inafunga programu kwa nguvu muda ukiisha, hata kama kazi haijahifadhiwa. Binti mmoja alikuwa ukurasa wa pili wa barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo, ikapotea yote. Nilikaa naye tukaichapa upya, bure. Sasa maneno yakitokea namsikia kijana wa dukani akiwaambia wateja, “Hifadhini jamani, Mama anazima.”

Na umeme ukirudi kabla ya sekunde sitini, anaita kutoka mbele, “Mama, umerudi!” Nami nafuta amri kwa kila mashine:

shutdown /a /m \\DUKA3