Chagua Kipande Kimoja cha Ardhi, Ukirudie

Ukitaka kuwa mchunguzi wa maumbile, usiende mbali. Chagua sehemu unayoifikia kwa miguu siku yoyote, hata ukingo wa njia, uirudie mwaka mzima. Mwanasayansi Charles Darwin alisafisha kipande cha takriban sentimita 90 kwa 60, akatia alama kila mche wa gugu ulioota. Kati ya miche 357, 295 iliangamia, mingi ikiliwa na wadudu na konokono wasio na gamba. Mpita njia hayaoni hayo.

Beba daftari, penseli (wino huchujuka ukilowa) na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Lenzi iweke karibu kabisa na jicho, kisha ulisogeze jani mpaka lionekane vizuri.

Jina la mmea lisubiri. Mimi huanza na majani: yametoka mawilimawili yakitazamana, yanapishana mojamoja, au yamelizunguka shina? Halafu natafuta kichipukizi kwenye kwapa la jani (pembe iliyo kati ya jani na shina), na hapa nakusihi usiharakishe. Unachodhani ni majani mengi madogo huenda ni jani moja lililogawanyika. Vijani hivyo havina vichipukizi makwapani. Kichipukizi kipo pale kikonyo cha jani zima kinapoungana na tawi. Ukishaliona hili, hutautazama mkunde tena kwa macho yaleyale.

Sasa lizungushe shina kati ya vidole. Likiwa na pembe nne na majani yanayotazamana, wazia jamii ya mrehani, ingawa si kila shina la namna hiyo ni la jamii hiyo. Mmea unaofanana na nyasi lakini shina lake lina pembe tatu, huenda ni jamii ya ndago. Fikicha jani unuse, ila usionje. Utomvu mweupe usiuguse: wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda.

Chora, hata kama mkono wako si mzuri. Picha ya simu haikulazimishi kuhesabu petali, penseli inakulazimisha.

Kisha inua macho. Maji yanatoka wapi na yanatuama wapi? Mteremko upi unapata jua la jioni? Lowanisha udongo kidogo uuviringishe kiganjani: wa mfinyanzi hutoa uzi mrefu, wa kichanga humeguka. Linganisha mimea ya bondeni na ya juu, uandike tarehe.

Hapo ndipo utafute jina. Programu ya iNaturalist husaidia ukiipa picha za ua, jani pande zote mbili, shina na mmea mzima. Jibu lake lichukue kama pendekezo, ulipime kwa maelezo uliyoandika. Jina la kienyeji liandike pamoja na lile la kisayansi la maneno mawili, utaratibu ulioenezwa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, kwa mimea tangu 1753, kwa kuwa jina moja la kienyeji mara nyingi hubeba mimea kadhaa.