Shika kisanduku pembeni: kupanga upya mchoro wa kazi za ujenzi kwenye Microsoft Project

Nilikuwa nasimamia ujenzi wa madarasa mawili na ofisi ya walimu, kijiji kimoja juu ya Tukuyu. Anayeijua Rungwe anajua kule ratiba anaipanga mvua. Novemba ikiingia na ukuta hauna bati, umepata hasara. Nilikuwa na kazi 36 kwenye Microsoft Project, programu ya kompyuta ya kupanga ratiba za miradi, na kosa moja la mkono kwenye kipanya lilinigharimu wiki nzima. Naandika ili msimamizi mwenzangu asilirudie.

Ukifungua menyu ya View ukachagua Network Diagram, kila kazi inakuwa na kisanduku chake, na mshale unatoka kwenye kazi inayotangulia kwenda kwenye inayoisubiri. Visanduku vyenye mpaka mwekundu ndivyo vya kuchunga. Hesabu inayovitafuta, Critical Path Method, ilibuniwa Marekani mwaka 1957 na Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand. Wao walikuwa na viwanda vya kemikali, sisi tuna msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na kenchi (fremu za mbao za paa), ila swali ni lile lile: kazi ipi ikichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja?

Mwanzoni utaona fujo, visanduku vikubwa vinavyokimbia nje ya skrini. Punguza ukubwa kwa kitelezi cha chini kulia. Kisha ingia Format, bofya Layout, uchague Allow manual box positioning. Usipochagua hapo, programu inajipangia yenyewe.

Sasa sikiliza vizuri. Kisanduku kinahamishwa kwa kushikwa kwenye mpaka wake. Sogeza kishale taratibu hadi ukingoni, kigeuke kuwa mishale minne inayotazama pande nne, ndipo uburute. Ukikishika katikati ukaburuta, hukihamishi: unachora mshale mpya. Ukiachilia juu ya kisanduku kingine, umeiambia programu kwamba kazi ile isianze mpaka hii iishe. Ukiachilia mahali patupu, kinazaliwa kisanduku cha kazi mpya.

Mimi nilikishika katikati kisanduku cha "Shimo la choo" nikitaka kukishusha chini, nikaachilia juu ya "Lenta". Lenta ikaanza kusubiri shimo la choo, vitu visivyohusiana kabisa. Tarehe zikasogea mbele, nami nikaziamini kwa sababu zimetoka kwenye kompyuta. Nikampigia seremala: "Mzee wangu, njoo wiki inayofuata, ukuta bado." Akachukua kazi nyingine Kiwira, na alikuwa na haki. Mbao zilizotoka Mafinga, zimeshalipiwa, zikalala chini ya turubai, na mvua ya kwanza ikatukuta tunapaua. Walimu waliokuwa wanasubiri madarasa yale hawakustahili hivyo.

Kwa hiyo kabla sijagusa mchoro, nahifadhi nakala ya faili kwa jina jingine. Halafu narudi kwenye chati ya Gantt, ile yenye orodha ya kazi na mistari ya tarehe, nanakili kwenye daftari safu ya Predecessors (kazi zinazotangulia) pamoja na tarehe ya mwisho wa mradi. Nikimaliza kupanga, nalinganisha. Tarehe peke yake haitoshi, maana mshale wa makosa kwenye kazi yenye nafasi ya kusubiri unaweza usiisogeze kabisa. Safu ile ndiyo inayoumbua. Mshale usiohitajika unaondolewa kwa kuubofya mara mbili, kisha Delete.

Kupanga kwenyewe, mimi nafuata watu. Mstari wa juu waashi: msingi, jamvi la zege, ukuta, lenta. Chini yao seremala, chini zaidi fundi bomba, na mstari wa mwisho ni vifaa: mchanga, kokoto, mbao, bati. Ukipanga hivyo, mshale unaopanda kutoka "Mbao kufika" kwenda "Kenchi" unaonekana peke yake, na kila fundi anaona anamsubiri nani. Usibofye Layout Now baada ya hapo. Itavipanga visanduku vyote upya na jasho lako litapotea.

Jua la saa sita likiwaka, skrini haisomeki. Nachapisha A3 kwenye steshenari ya Mwanjelwa, kwa wino mweusi kwa sababu rangi ni ghali. Tatizo ni kwamba nyekundu na bluu zote zinatoka kijivu. Dawa ipo Format, Box Styles: ongeza unene wa mpaka kwa kazi zisizoruhusiwa kuchelewa.

Karatasi ya kwanza niliitandaza juu ya mifuko ya saruji, mafundi wakaizunguka. Mwashi mmoja akafuata mshale kwa kidole, akasimama kati ya lenta na kenchi. "Dada, hapa umetupa siku ngapi za kumwagilia zege?" Sikuwa nimeweka hata moja. Jioni ile niliubofya mshale huo mara mbili, kwenye Lag (muda wa kusubiri kati ya kazi mbili) nikaandika siku 7, na visanduku vyote vya mbele yake vikabadilisha tarehe bila kuhama mahali pake. Asubuhi nikampigia seremala tarehe mpya kabla hajapanda gari.