Wino wa masizi ya koroboi, namna ninavyoutengeneza hapa Mumias

Masizi ya wino hayakwanguliwi chini ya sufuria. Naanza na hili kwa sababu katika kila kundi la wasichana ninaowafundisha hati madrasa, hakosi mmoja wa kuniletea masizi ya jikoni kwao yakiwa yamefungwa kwenye karatasi, kisha wino wake ukikauka unageuka kahawia.

"Mwalimu, wangu mbona haukolei?"

"Masizi umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Chini ya sufuria ya mama."

Hapo ndipo penye shida. Masizi ya kuni yana majivu, yana vumbi la mkaa, na yana ule ulimbo wa moshi unaong'ang'ania mapaa ya jikoni. Ulimbo huo ni wa kahawia na haukubali maji. Huku kwetu kuna kitu kingine pia kinachowapoteza watu: mashamba ya miwa yakichomwa kabla ya kuvunwa, vipande vyeusi vinapeperuka hadi kwenye kamba za nguo, na mtu anadhani amepata malighafi ya bure. Vile ni majani ya miwa yaliyogeuka makaa. Visage kutwa nzima ukitaka, chembe zake zitabaki kubwa, zitatuama chini ya kidau cha wino na kukwaruza karatasi.

Masizi tunayoyataka hutoka kwenye mwali wa mafuta unaokosa hewa ya kutosha. Mafuta yakiungua vizuri, kaboni yake yote huwa hewa ukaa ikapotea. Mwali ukibanwa na kitu cha baridi, sehemu ya kaboni haimalizi kuungua, inaganda pale pale ikawa unga mweusi laini kupita unga wowote unaoujua. Ndiyo maana taa iliyorekebishwa vizuri haifai kwa kazi hii. Tunatafuta taa inayofoka moshi.

Koroboi ya fundi wa bati inatosha kabisa. Sokoni Mumias zipo, na Kibuye kule Kisumu utachagua hadi uchoke. Utambi uwe wa pamba tupu, mnene, uliotokeza nje kuliko kawaida. Kitambaa chenye nailoni kinayeyuka na kutia uchafu. Kuhusu mafuta, mafuta ya taa hutoa masizi mengi na kwa haraka, lakini moshi wake ni mbaya kwa kifua na masizi yake hushika mafuta mengi. Mimi hupenda mafuta ya simsim. Simsim inalimwa hapa karibu, upande wa Teso na Busia, na masizi yake ni meusi ya kutulia. Yanakusanyika polepole, hilo nalikubali. Ukikosa simsim, alizeti inafaa.

Weka koroboi juu ya sinia lenye mchanga, mahali pasipo na upepo lakini penye hewa, kama barazani asubuhi. Panga matofali mawili, moja kila upande, kisha funika juu yake bakuli la kaure lililo laini ndani na nje. Ncha ya mwali iguse tako la bakuli. Bakuli likiwa chini mno, moto unazimika. Likiwa juu mno, masizi yanaruka na kutua kwenye kuta zako. Utaona duara jeusi linaanza kuota, halafu linatoa vijinyuzi vya masizi vinavyoning'inia. Usingoje vijinyuzi vianguke ndani ya mafuta. Kila baada ya muda badilisha bakuli, lile la moto ulishike kwa kitambaa, uliache lipoe, kisha uyapanguse masizi kwa unyoya wa kuku na kuyaangusha kwenye karatasi iliyokunjwa katikati. Unyoya, si kisu. Kisu kinakwangua pia kile kigamba kigumu kilichoungulia kwenye kaure, na kigamba hicho hakisagiki.

Masizi hufuata hewa inakokwenda, na mafundi wa zamani walilijua hilo vizuri. Msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul, uliokamilika mwaka 1557, husimuliwa kwamba msanifu wake, Mimar Sinan, aliupanga ili mkondo wa hewa uvute moshi wa taa za mafuta hadi kwenye chumba kilichoko juu ya mlango mkuu, na masizi yaliyokusanyika humo yakawa wino wa waandishi. Nyumba zetu hazina mkondo wa namna hiyo, lakini ukisimama barazani ukatazama moshi wa koroboi unaelekea wapi, utajua matofali uyaelekeze upande gani.

Sasa tahadhari, na hapa sina mzaha. Masizi ni sumu ya kifua na ya ngozi. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani iliyowapata wasafishaji wa dohani kwa sababu ya masizi, na watu hao walianza kazi hiyo wakiwa watoto. Vaa barakoa unapokusanya na unaposaga masizi makavu. Osha mikono kwa sabuni. Watoto wanaweza kuandika kwa wino uliokwisha tengenezwa, lakini kukusanya masizi si kazi yao. Koroboi inayowaka usiiache peke yake hata kwa dakika ya kufungua mlango.

Na wino huu haunywewi. Nasema hivi kwa sababu kombe tunalijua, yaani aya zinazoandikwa, zikaoshwa kwa maji na kunywewa, na yupo atakayefikiri kwamba maandishi yote meusi ya Qur'ani yanaweza kuoshwa na kunywewa. Kombe huandikwa kwa zafarani na maji ya waridi. Masizi hayahusiki.

Masizi uliyokusanya bado yana mafuta ndani yake. Ukiyanyunyizia maji sasa, yataelea juu na kukukimbia. Mafundi wa zamani waliyafunga kwenye karatasi, wakayazungushia unga uliokandwa, wakaoka hadi mafuta yakatoka. Mimi hutumia kopo dogo lenye kifuniko cha kubana, nimelitoboa tundu moja la msumari juu. Nayashindilia masizi ndani, naliweka kopo juu ya jiko la makaa, na kutazama lile tundu. Moshi mwembamba wenye harufu ya mafuta utatoka. Ukikoma kabisa, epua. Usifungue kopo likiwa na moto, kwani hewa ikiingia masizi hushika moto na kuwa jivu mbele ya macho yako. Liache lipoe hadi uweze kulishika kwa kiganja.

Gundi ni ile ya mgunga, vipande vya rangi ya kaharabu visivyo na harufu. Inatoka nchi kavu, Turkana, Isiolo, na hata Baringo, jirani na Nakuru. Huuzwa na wauza uvumba, na hapo ndipo watu wanapouziwa ubani wakidhani ni gundi. Kipimo chake ni rahisi: tumbukiza kipande ndani ya maji uache usiku kucha. Gundi ya mgunga inayeyuka yote, maji yanakuwa mazito na kubaki angavu. Ubani unayafanya maji kuwa meupe kama maziwa na unaacha mabaki yasiyoyeyuka. Ukinunua ubani, ufukize nyumbani, utafute gundi kwingine.

Vipimo vyangu ni hivi: masizi gramu 5, gundi gramu 10, maji mililita 20 ya kuloweka gundi, na maji mengine pembeni ya kuzimulia. Tumia mizani. Kijiko hakifai kwa masizi, maana yale yale yakitikiswa hujaza kijiko na yakishindiliwa hayafiki nusu. Maji yawe ya mvua. Tunashukuru mvua hatunyimwi huku. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya masizi yashikane mabonge. Yachemshe na karafuu mbili tatu, yapoe, ndipo uloweke gundi humo. Karafuu inazuia ukungu. Gundi ikishayeyuka, ichuje kwa kitambaa chepesi, kwani ndani yake hukosi magome na mchanga.

Kusaga ndiko kunakotengeneza wino. Yote niliyosema hadi hapa mtu mwenye subira ya kawaida atayaweza. Hapa panahitaji subira ya ziada, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakiwa wamebakiza kidogo.

Chukua kigae cha sakafu upande wake laini, au kipande cha kioo kinene. Weka masizi katikati, yadondoshee matone machache ya spiriti ya duka la dawa, mbali na moto. Utaona yanakunywa spiriti na kutulia, hayaruki tena. Ongeza gundi kidogo, kiasi cha kushikamanisha tu. Sasa saga kwa jiwe lenye tako bapa, ukizungusha mkono kwa duara pana, huku ukikusanya kwa kisu butu kila mara na kurudisha katikati. Mwanzoni utasikia mkwaruzo mdogo chini ya jiwe. Uji wenyewe utakuwa mwepesi wa rangi, wa kijivujivu, hauna mng'ao. Endelea. Ongeza gundi tone kwa tone, uji ubaki mzito kama asali, kwa sababu uji mwepesi hauvunji mabonge, unayaviringisha tu. Baada ya muda mrefu mkwaruzo unapotea. Jiwe linaanza kuteleza na kunata kwa wakati mmoja, na unapolinyanyua, uji unavutika. Weusi unaongezeka ingawa hukuongeza masizi. Chukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue: wino uliosagika unaingia kwenye mistari ya ngozi, na huhisi chembe yoyote. Ukihisi hata moja, bado.

Hapo ndipo unapoweka matone mawili ya asali, usizidishe. Asali huzuia wino usipasuke ukikauka. Ikizidi, hati yako haitakauka msimu wa mvua, na sisimizi wataisoma kabla ya mwenyewe. Kisha zimua kwa yale maji ya karafuu, kidogo kidogo, hadi upate kiasi cha mililita 50, ukatie kwenye chupa yenye kifuniko.

Chupa nayo itikiswe kwa siku nyingi. Husimuliwa kwamba waandishi wa Kituruki walifunga vyombo vya wino kwenye ngamia wa safari ya Hija, ili mwendo wa mnyama umalize kazi ya mkono. Mwanangu ni mwendesha bodaboda wa njia ya Mumias na Bungoma, nami humpa chupa yangu aifunge vizuri kwenye kitambaa na kuiweka kwenye kisanduku cha pikipiki. Barabara inafanya yaliyobaki, na wino unaorudi ni laini kuliko uliokwenda.

Jaribu kwa mstari mmoja kabla ya kuandika kitu cha maana. Ukikauka ukang'aa sana na kupasuka unapokunja karatasi, gundi imezidi, ongeza uji wa masizi uliosagwa kwa gundi kidogo. Ukipitisha kidole kikavu kikatoka cheusi, gundi imepungua. Ukisambaa pembeni mwa mstari kama mizizi, aghalabu kosa ni la karatasi. Za daftari za shule hunywa wino kupita kiasi. Ipake karatasi uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ikauke, kisha uisugue kwa kokoto laini la ziwani, nayo itakubali kalamu.

Kalamu nzuri ni ya tete. Kando ya ziwa pale Dunga, Kisumu, matete yapo. Chagua lililokomaa na kukauka likiwa limesimama, lenye unene wa kidole kidogo. Lichonge kwa mshazari, pasua ncha katikati, kata ncha kwa pembe. Kalamu ya kujaza wino, ile ya chuma yenye tangi, usiitie wino huu kamwe, gundi itaiziba isifunguke tena.

Wino wa masizi haufifii kwa jua, kwa kuwa kaboni haina rangi ya kuungua na mwanga. Magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 yana umri wa takriban miaka 2,000, na mengi yake yaliandikwa kwa wino wa kaboni. Maandishi yake bado yanasomeka. Adui wake ni maji. Gundi ya mgunga huyeyuka tena hata baada ya kukauka, kwa hiyo cheti cha ndoa au aya ya kutundika ukutani iwekwe nyuma ya kioo. Kwenye ubao wa madrasa udhaifu huo ni faida: Sudan, Nigeria na Senegal watoto wameandika kwa wino wa namna hii, wakahifadhi sura, wakaosha ubao na kuanza nyingine.

Kidauni weka kifundo kidogo cha uzi wa hariri, kinazuia kalamu isichote wino mwingi na isigonge chini. Funika kidau kila ukimaliza. Koroga kabla ya kuandika, maana masizi hutuama. Wino ukikauka kabisa usiutupe. Utie matone ya maji ya mvua, uache hadi kesho, usugue kwa tete, utarudi. Ukiota ukungu au kunuka, huo umwage, uoshe kidau kwa maji ya moto, na hariri ubadilishe.